Shajara ya mradi: madaktari wanapohama kutoka kwenye faili kwenda kwenye skrini

Wiki ya 1

Barua ya uteuzi imefika Jumatatu. Kazi niliyopewa ni hii: ndani ya miezi minane, kliniki ya wagonjwa wa nje na wodi ya magonjwa ya ndani ziache mafaili ya karatasi na zitumie rekodi za kielektroniki. Mimi ni mtunza kumbukumbu, nimekaa masjala miaka 11. Mafaili nimeyabeba kwa mikono hii, na najua kwamba faili tunaloliita "limepotea" mara nyingi halijapotea. Liko mezani kwa mtu, chini ya mafaili mengine matatu, na mgonjwa mwenye faili hilo amekaa kwenye benchi anangoja.

Kabla ya kugusa kompyuta yoyote niliomba ruhusa ya kukaa siku mbili chumbani kwa daktari, nitazame tu. Wagonjwa waliulizwa kama wanaridhia niwepo, wawili wakakataa, nikatoka. Nilitaka kujua karatasi inampa nini daktari. Nisipojua inachompa, sitajua ninachokwenda kumnyang'anya.

Daktari akipewa faili haanzii ukurasa wa kwanza. Hulifungua kwa nyuma, kidole gumba tayari kimeshika karatasi ya mwisho, anasoma mistari miwili mitatu ya safari iliyopita, kisha anarukia karatasi za maabara, ambazo anazitambua kwa rangi na wembamba wake kabla hajasoma neno. Nilihesabu: sekunde 15, hazikuzidi 20. Muda huohuo ameshasalimu na ameshauliza la kwanza. Anaandika huku anamtazama mgonjwa usoni, mkono unakwenda wenyewe. Mmoja alimpapasa mgonjwa tumbo, akachora duara kwenye karatasi, akatia alama ya msalaba upande wa kulia chini, akapiga mistari mitatu chini ya msalaba. Hakuandika neno hata moja. Daktari wa zamu ya usiku akilifungua faili lile atajua kwamba hapo pana jambo.

Ubaya wa karatasi nao niliuona. Siku ya kwanza, wagonjwa 5 kati ya 31 waliingia bila faili. Daktari akamuuliza mmoja wao, "Mama, unatumia dawa gani?" Akajibu, "Zile nyeupe ndogo, za asubuhi." Nimeliandika jibu hilo kwa wino mwekundu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la mradi.

Wiki ya 2

Programu tumeshaichagua: OpenMRS, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika kwenye kliniki za VVU huko Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Kilichonivuta ni kamusi yake ya dhana. Kila kitu, iwe shinikizo la damu, malaria au uzito, kinaingizwa kama dhana yenye jina na aina yake, kwa hiyo ukitaka kuongeza swali jipya huhitaji kubomoa hifadhidata nzima.

Ukurasa wa kwanza wa mgonjwa tutaupanga kwa orodha ya matatizo. Wazo hilo ni la daktari Mmarekani, Lawrence Weed, aliyeandika mwaka 1968 kwamba rekodi ipangwe kufuata matatizo ya mgonjwa, yakiwa na namba, badala ya kufuata karatasi ilitoka idara gani. Miaka mingi imepita na bado mafaili yetu yana sehemu ya maabara, sehemu ya wauguzi, sehemu ya eksirei, na tatizo la mgonjwa limetawanyika kote humo.

Wiki ya 4

Kikao cha kwanza na madaktari. Nilieleza kwa nusu saa. Nilipomaliza, ukumbi ulikuwa kimya.

Aliyevunja ukimya ni bingwa wa siku nyingi ambaye wote wanamwita Mwalimu, kwa sababu nusu ya madaktari wa hapa wamepita mikononi mwake. Alisema, "Mwanangu, mgonjwa wangu nampa dakika 10. Nionyeshe katika hizo 10 ni ipi unayoichukua."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeshauriwa nisitaje habari mbaya siku ya kwanza, lakini nilitaja. Niliwaambia kuhusu utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016, uliofuatilia madaktari 57 kazini: kwa kila saa moja waliyokaa ana kwa ana na wagonjwa, karibu saa 2 nyingine zilikwenda kwenye rekodi ya kielektroniki na kazi za mezani. Nikasema ninajua jambo hili, na nisingependa liwapate.

Hapo ndipo waliposema. Wengi hawakuwa na neno dhidi ya kompyuta. Simu zao zimejaa programu za kukokotoa dozi. Walichohofia ni kugeuzwa makarani. Mmoja alisema amewahi kufanya kazi mahali palipokuwa na mfumo, na kila jioni alibaki saa nzima akijaza alichokwisha kukifanya mchana. Tulitoka na makubaliano ya maneno, nami nimeyaandika hapa ili nishikwe nayo: hakuna daktari atakayeandika kitu kimoja mara mbili, hakuna kisanduku kitakachowekwa bila mtu wa kukisoma, na mfumo ukimchelewesha daktari, tunautengeneza mfumo kwanza kabla ya kumwambia yeye aongeze bidii.

Wiki ya 5

Nimekosea mapema. Fomu ya kliniki tuliyoijenga ina visanduku 43. Haikuanza hivyo. Takwimu waliomba vyao, famasia vyao, ubora vyao, uhasibu vyao, na kila mmoja alikuja na hoja nzuri. Nilikubali vyote kwa sababu sikutaka ugomvi, na ugomvi wote nikawa nimeuhamishia kwa daktari.

Siku mbili tumekaa na orodha, tukiuliza kila kisanduku swali moja: nani atakisoma, na akikisoma atafanya nini? "Dini" haikupata msomaji. "Kazi ya mgonjwa" ilibaki, maana daktari wa kifua alieleza kwa nini anahitaji kujua kama mtu huyu anapasua mawe. "Urefu" tuliuhamishia kwa muuguzi anayepokea, ambaye tayari anampima mgonjwa uzito palepale. Tumebaki na 12, na kati ya hivyo vya lazima ni 4.

Mkuu wa takwimu hajafurahi. Nimemwahidi kwamba ripoti yake ya mwezi itatoka kwenye rekodi zenyewe, bila mtu kuhesabu kwa vijistari.

Wiki ya 7

Jaribio la kwanza na wagonjwa halisi, chumba kimoja, daktari mmoja kijana aliyejitolea. Nilikaa kwenye kona ileile niliyokaa wiki ya kwanza.

Kompyuta ilikuwa imewekwa pale soketi ilipo, ukutani. Daktari alimkaribisha mgonjwa, mzee wa makamo, akamuuliza kilichomleta. Mzee akaanza: kifua, usiku, akilala chali. Daktari akageuka ukutani aandike. Mzee akanyamaza. Daktari akageuka tena, "Endelea, mzee wangu." Mzee akaendelea maneno manne, daktari akageuka kuandika, mzee akanyamaza tena. Mara ya tatu hakuendelea. Alisema, "Basi ni hayo tu."

Hayakuwa hayo tu. Alipokuwa anavaa shati ndipo alipotaja kwamba miguu inavimba jioni.

Nilimwomba fundi umeme asogeze soketi. Meza tumeigeuza ikae pembeni, skrini kwenye mkono unaozunguka, ili daktari, mgonjwa na skrini wafanye pembe tatu na mgonjwa aone kinachoandikwa. Mchana wa siku ya pili nilimwona mama mmoja akinyoosha kidole kwenye skrini na kusema, "Hapana daktari, hiyo niliacha mwezi uliopita." Lilikuwa jina la dawa kwenye orodha yake. Daktari aliifuta papo hapo. Kwenye faili la karatasi ile dawa ingeishi miaka.

Tumetumia wiki saba kuzungumzia programu, na hakuna aliyezungumzia meza.

Wiki ya 8

Nywila. Mfumo unamtoa mtu nje baada ya dakika 5 za kimya. Nimegundua wodi nzima inatumia akaunti ya muuguzi mmoja, iliyoandikwa kwenye plasta nyuma ya kibodi. Sikumkaripia mtu. Daktari anayeitwa kwa mgonjwa anayekata roho hawezi kuchapa herufi kumi na alama maalumu. Tumeagiza visomeo vya kadi: unagusa kitambulisho, unaingia, skrini inakukuta pale ulipoishia.

Wiki ya 10

Maagizo ya dawa yameanza kuandikwa kwenye mfumo. Hii ndiyo sehemu niliyoingojea na niliyoiogopa kuliko zote.

Sababu ya kuingoja kila mtu wa famasia anaijua. Herufi U ya yuniti ikisogea karibu na 4 kwenye agizo la insulini, husomeka 40. Nukta ya 5.0 ikififia huwa 50. Mfumo wetu haukubali sifuri baada ya nukta bila sababu, na hauonyeshi .5 peke yake, huandika 0.5. Neno "yuniti" hutoka limeandikwa kamili. Mambo madogo haya hayapunguzi hata dakika moja ya daktari, wala hayaongezi, na mfamasia mkuu alinishika mkono akanishukuru kwa ajili yake.

Sababu ya kuogopa ni maonyo. Programu tuliiongezea maktaba ya miingiliano ya dawa, yaani maonyo kuhusu dawa zisizopaswa kutumiwa pamoja, nasi tuliwasha yote. Siku ya tatu nilihesabu: daktari mmoja alipata maonyo 61 kabla ya saa sita mchana. Aliyafunga 59 bila kuyasoma. Najua hakuyasoma kwa sababu mfumo unatunza muda, na mengi yalifungwa ndani ya sekunde moja.

Alhamisi mgonjwa mwenye mzio wa penisilini aliandikiwa amoksilini, ambayo ni ya jamii hiyohiyo. Onyo lilitokea. Lilifungwa kama yale mengine, kwa umbo lilelile, rangi ileile, kitufe kilekile. Dirisha la famasia ndilo lililomwokoa: mfamasia alimuuliza mgonjwa kwa mdomo kabla ya kumpa.

Sikulala vizuri usiku ule. Daktari yule ni mwangalifu, na alikuja mwenyewe kuniambia amekosea. Nilimwambia tumekosea wote, na kosa langu ni la kwanza, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kufunga maonyo, mara 58 kabla ya lile moja. Mwanzoni mwa mwaka 2003 hospitali kubwa ya Los Angeles ilibidi isimamishe mfumo wake wa maagizo miezi michache tu baada ya kuuwasha, kwa sababu madaktari walikataa kuendelea nao. Kati ya malalamiko yao yalikuwa ucheleweshaji na maonyo yasiyo na maana. Nilikuwa nimeisoma habari ile kabla ya mradi kuanza, na bado nikawasha yote.

Tulichofanya: kamati ya watu watatu, bingwa mmoja, mfamasia mmoja na muuguzi mmoja, wamepitia maonyo yote. Yanayomsimamisha daktari yamebaki machache sana: mzio uliothibitishwa, dozi iliyopita kiwango cha juu, ujauzito na dawa zilizopigwa marufuku kwake, na jozi chache za dawa zinazoua. Hayo yanafunika skrini, na ili upite lazima uandike sababu. Mengine yameshushwa kuwa mstari wa kijivu chini ya jina la dawa, anayetaka asome.

Tumesafisha pia orodha za mzio. Nusu ya "mizio" iliyonakiliwa kutoka kwenye mafaili ilikuwa kichefuchefu au kuharisha, madhara ya kawaida ya dawa. Sasa muuguzi anauliza, "Ilikufanya nini?" na jibu linaandikwa kwa maneno ya mgonjwa.

Wiki ya 11

Maonyo ya kusimamisha: wastani wa 2 kwa daktari kwa siku. Yanasomwa.

Wiki ya 13

Seva ilizima saa 4:20 asubuhi, ikarudi saa 7:05 mchana. Diski ilijaa, kosa letu la kutofuatilia nafasi.

Wodini kulikuwa na boksi jekundu lenye fomu za karatasi, kama tulivyopanga. Ndani ya boksi kulikuwa na fomu za toleo la zamani na kalamu mbili zilizokauka. Orodha za dawa za wagonjwa waliolazwa zilikuwa za jana yake, maana zinachapishwa saa 6 usiku. Wauguzi walifanya kazi kwa orodha hizo na kumbukumbu zao, na hakuna dozi iliyorukwa. Hilo ni la kuwashukuru wao, mpango wetu haukuwasaidia.

Kumbukumbu ya Mei 2017 ninayo, wakati programu hasidi ya WannaCry ilipofunga kompyuta za hospitali nyingi za Uingereza, na operesheni na miadi ya wagonjwa kuahirishwa. Kwetu ilikuwa chini ya saa tatu na chanzo kilikuwa diski tu. Kuanzia sasa orodha ya dawa inajichapisha kila baada ya saa 4 kwenye kompyuta moja ya wodi isiyotegemea seva, boksi linakaguliwa kila Ijumaa na anayekagua anatia sahihi, na mara moja kwa mwezi tutazima mfumo kwa makusudi kwa nusu saa. Kuhusu kurudisha yaliyoandikwa kwenye karatasi: dawa, mzio na utambuzi wa ugonjwa huingizwa siku hiyohiyo na timu yangu, na daktari huthibitisha. Yaliyobaki yanapigwa picha na kuambatishwa. Nilikataa kabisa madaktari waambiwe wayachape upya. Ni ahadi ya wiki ya 4.

Wiki ya 15

Kunakili na kubandika. Nimekuta maelezo ya mgonjwa wa wodini yasemayo "siku ya 2 ya dawa ya mshipa, homa imeshuka" kwa siku tano mfululizo. Siku ya nne homa ilikuwa imerudi. Imo kwenye vipimo vya wauguzi, imepanda kwenye grafu, na juu yake maelezo ya daktari yanasema imeshuka.

Wapo waliotaka tuzuie kubandika kabisa. Sikukubali, kwa sababu orodha ya matatizo na historia ndefu ya mgonjwa hakuna sababu ya kuichapa kila siku. Badala yake, maandishi yaliyonakiliwa sasa yanabaki na rangi ya kijivu na tarehe yake ya awali mpaka daktari ayaguse na kuyahariri. Mtu akifungua ukurasa anaona mara moja kipi ni cha leo.

Wiki ya 16

Uongozi umependekeza tubandike ubaoni majina ya madaktari kwa idadi ya rekodi walizoandika, wa mwisho aonekane. Nimepinga kwa maandishi. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2009 na kumwaga mabilioni ya dola kwa hospitali na madaktari watakaotumia mifumo hii. Mifumo ilienea haraka, na miaka michache baadaye madaktari walikuwa wakilalamika kwamba wanaihudumia kompyuta kuliko mgonjwa. Ukihesabu rekodi utapata rekodi, hata hizo za siku ya 2 zilizorudiwa mara tano.

Ubao haukubandikwa.

Wiki ya 18

Mwalimu alikuwa bado anaandika kwenye karatasi. Tulikubaliana hivyo, msaidizi wake alikuwa anaingiza, naye anatia sahihi. Leo saa tano asubuhi alinitumia mtu: "Mwambie yule wa masjala aje."

Nilikwenda nikijua ni lawama. Nilimkuta amesimama mbele ya skrini, miwani amepandisha kwenye paji la uso, uso karibu ugonge kioo. Mgonjwa wake wa kisukari wa miaka mingi alikuwa amekaa pembeni. Msaidizi alikuwa amefungua matokeo ya maabara, na bila kukusudia akabofya kitufe cha grafu.

Kreatinini, kipimo cha damu kinachopanda figo zinapodhoofika. Nukta nne kwenye miezi 20: 98, kisha 112, kisha 131, na ya jana 149. Mstari unapanda kama ngazi. Ya kwanza iko ndani ya kiwango cha kawaida, ya pili imezidi kidogo. Kila moja ilisomwa na daktari tofauti, kila moja ilikuwa kwenye kikaratasi chake, na kikaratasi kimoja peke yake hakikumshtua mtu. Nilitazama majina ya waliotia sahihi. La tatu lilikuwa lake.

Aliniuliza, "Hii ilikuwa humu siku zote?"

Nikasema namba zilikuwa kwenye faili, na sisi tuliziingiza wiki ya 9.

Akakaa. Akamgeukia mgonjwa na kumuuliza taratibu, kwa dakika nyingi kuliko 10, dawa zote anazomeza, hata anazonunua mwenyewe. Ikatoka diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuumiza figo, kila siku, kwa ajili ya goti, karibu miaka miwili. Hakuna aliyeiandika kwa sababu hakuna aliyempa. Aliiandika kwa kidole kimoja kimoja, akitafuta herufi. D, i, k. Nilitamani kumsaidia, nikajizuia.

Akamwambia mgonjwa aiache leo, akapunguza metformini, akapanga kipimo kingine baada ya wiki mbili. Kisha akaniambia, "Nataka orodha. Wagonjwa wangu wote wenye mstari kama huu."

Wiki ya 19

Orodha imetoka. Majina 9. Wawili walikuwa wameacha kuja kliniki, wamepigiwa simu.

Mwaka 1976 Clement McDonald wa Indianapolis alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba madaktari waliokumbushwa na kompyuta walichukua hatua zinazotakiwa mara nyingi zaidi kuliko wasipokumbushwa, na hoja yake ilikuwa kwamba tatizo halikuwa ujuzi, ni wingi wa habari kuliko uwezo wa mtu kuziangalia zote. Nilimsomea Mwalimu muhtasari wake. Aliomba nakala.

Wiki ya 20

Madaktari wanne wa kliniki wameomba "orodha kama ya Mwalimu": presha isiyoshuka kwa vipimo vitatu mfululizo, wajawazito waliokosa miadi, waliopimwa na hawakurudi kuchukua majibu. Ndiyo mara ya kwanza tangu tuanze kwa daktari kuja kuomba kitu badala ya mimi kwenda kubembeleza. Fundi wetu mmoja wa programu hajui aanzie wapi, na nimemwomba radhi kwa furaha niliyokuwa nayo wakati namkabidhi kazi hiyo.

Wiki ya 23

Jambo linaloniumiza. Takwimu za mfumo zinaonyesha kliniki inamaliza maelezo yake kabla ya saa 10 jioni. Wodini ni tofauti: maelezo mengi yanaingia kati ya saa 2 na saa 4 usiku, na karibu yote yanatoka kwenye akaunti za madaktari walio kwenye mafunzo. Mabingwa wanazungumza wakati wa raundi, vijana wanabeba kichwani au kwenye kiganja cha mkono, wanakwenda kuchapa usiku. Mzigo haukuondoka, ulishuka chini hadi kwa asiyeweza kukataa.

Nilipeleka grafu kwa Mwalimu kabla ya kuipeleka popote. Aliitazama muda mrefu. Raundi ya Jumatano waliiendesha na kigari chenye kompyuta: mmoja anachapa, bingwa anasoma kwenye skrini na kuthibitisha kabla hawajaondoka kitandani. Raundi ilichukua dakika 25 zaidi. Usiku ule maelezo yaliyoingia baada ya saa 2 yalikuwa matatu.

Dakika 25 zile ni halisi na zinatoka mahali fulani. Wamepunguza raundi ya pili ya jioni kuwa ya wagonjwa mahututi na wapya tu. Tutaangalia kama ina madhara.

Wiki ya 26

Karatasi bado zipo, mifukoni. Karibu kila daktari wa wodi ana kikaratasi kilichokunjwa mara nne: namba za vitanda, damu ya kufuatilia, ndugu wa kupigiwa simu. Sikuwa na nia ya kuzikamata. Niliomba wanionyeshe, nikapiga picha sita zisizo na majina, tukatengeneza ukurasa mmoja wa makabidhiano unaofanana nazo, wenye nafasi nyeupe upande wa kulia kwa kalamu. Unachapishwa kila zamu na unachanwa zamu ikiisha. Umependwa kuliko chochote tulichokijenga.

Wiki ya 29

Mfanyakazi mmoja amefungua rekodi ya mwenzake aliyelazwa, bila sababu ya kazi. Kumbukumbu za mfumo zilionyesha saa, kompyuta na kurasa. Imepelekwa kwenye kamati ya maadili, na mwenye rekodi ameambiwa ukweli wote. Kwenye masjala mtu angesoma faili na asijulikane kamwe. Wagonjwa sasa wana haki ya kuomba orodha ya waliofungua rekodi zao, na tangazo liko mapokezi.

Wiki ya 33

Kliniki haijatumia karatasi kwa wiki sita, ukiacha nusu saa ya mazoezi kila mwezi. Wodi inaandika kwenye mfumo maagizo yote na maelezo yote, isipokuwa michoro. Ule mchoro wa tumbo bado sijaupatia mahali pazuri. Tumeweka umbo la mwili unaloweza kulichora kwa kipanya, na mistari inatoka imetetemeka, madaktari hawalitumii. Tumeomba vishikwambi viwili vyenye kalamu tujaribu.

Jumatatu tunaingia wodi ya watoto. Nimekaa na muuguzi mkuu wa wodi hiyo siku mbili, kama nilivyokaa wiki ya kwanza, na fomu yao ina visanduku 9. Kimoja tu kinamzuia daktari asiandike dawa yoyote mpaka kijazwe: uzito kwa kilo, uliopimwa ndani ya saa 24, ukiwa na jina la aliyepima. Madaktari wa watoto wenyewe ndio waliokiomba kiwe cha lazima. Mizani mipya imefika leo mchana. Muuguzi mkuu ameijaribu kwa mfuko wa maji wa lita 1, ikasoma 1.0, akaniagiza niwaambie wa programu kwamba skrini yake nayo iandike 1 peke yake.